Mtoto anakohoa? Wacheni kugusa kipaji cha uso, hesabuni pumzi

Mie nesi wa kituo cha afya hapa Pemba, na wiki hii tena tumeletewa watoto wa nimonia wamechelewa, maneno yale yale, "hana homa", basi bora nijibu mara moja.

Nimonia ni kitu gani?
Maambukizo ya mapafu. Vijifuko vya hewa vinajaa majimaji, oksijeni haimtoshi, ndo mtoto anatweta.

Lakini hana homa, si mzima huyo?
Hapana. Juzi bibi mmoja kaja na mjukuu wa miezi 8, ananambia "hana homa huyu mwanangu, mguse mwenyewe", na kweli kipaji baridi, kapewa panadoli alfajiri. Nikampandisha fulana, chini ya mbavu kunabonyea ndani kila akivuta, nikahesabu pumzi dakika nzima nikapata 64. Siku tatu hizo yuko nyumbani anasuguliwa mafuta ya nazi na kitunguu thomu! Panadoli inashusha joto tu, haitibu mapafu. Na kichanga wa chini ya miezi 2 ndo kabisa, anaweza kuwa na nimonia na mwili ukapoa badala ya kuchemka, kwa hiyo akipoa msifurahi, mleteni.

Nahesabu vipi?
Ngoja atulie, asiwe analia wala ananyonya, akilala ndo vizuri. Mfunue nguo, weka simu dakika 1 kamili, tizama kifua na tumbo, kupanda na kushuka ni pumzi moja. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara 4, pumzi za watoto haziendi sawa. Chini ya miezi 2 zikifika 60 rudia kuhesabu, zikibaki hapo hapo njoo. Miezi 2 mpaka mwaka ni 50, mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Zikifika hapo njoo, homa iwepo isiwepo.

Jirani kasema ni kimeo (kile kinyama kinachoning'inia kooni), kikatwe.
Jamani! Kukata kimeo hakuingizi hewa mapafuni, kunamuongezea kidonda na damu mtoto ambaye kupumua tu kunamshinda.

Kile kidude cha kubana kidole cha nini?
Kinapima oksijeni ya damu. Mzima anakuwa asilimia 95 kwenda juu, akishuka chini ya 90 anatiwa oksijeni. Ila mkitoka harusini na mtoto kapakwa piko (ile rangi nyeusi ya urembo) mpaka kuchani kinaweza kusoma uongo, basi tunahamia kidole cha mguu (mara nyengine nako kuna piko).

Ikiwa usiku, si tungoje kuche?
Msingoje. Kifua kinabonyea, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, au kalala haamshiki, hata moja tu kati ya hayo ni usiku huo huo. Usingoje baba arudi dago (kambi ya wavuvi), gonga kwa jirani mwenye vespa, hata gari ya karafuu panda. Na ukifika usinambie hana homa.