Maili Sita Zisizo na Maelezo

Askari wa kiume akimpakia mwanamke kwenye gari la doria, kabla hajaondoa gari huita kituoni kwa redio na kusoma namba za mita ya maili. Akifika aendako huita tena na kusoma tena. Anayepokea redio huandika namba na saa. Ni utaratibu mdogo, haugharimu hata senti, na vituo vingi vya polisi Marekani vinao. Mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia uchunguzi wa nidhamu ya polisi, faili moja liliniletea namba hizo. Kutoka barabara kuu mpaka mahabusu ni maili 31. Gari la askari lilikuwa limetembea maili 37. Mpelelezi aliyekuwa na faili hilo alikuwa ameshaandika mwishoni: malalamiko hayakuthibitika. Nililirudisha mezani kwake, ile 37 nimeizungushia kalamu nyekundu.

Nieleze kazi yenyewe, maana jamaa zangu Mombasa mpaka leo wanadhani nakamata watu. Sikamati mtu. Nasimamia wapelelezi watatu wanaochunguza askari wa taifa moja la wenyeji wa Marekani, kusini-magharibi mwa nchi. (Shuleni tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu, jina hilo tuliache hukohuko shuleni. Na ardhi yao magazeti yetu huiita hifadhi, ila mimi Mswahili nikisikia hifadhi naona twiga. Nasema ardhi ya kabila, ingawa wenyewe wanajiita taifa.)

Mataifa ya aina hii yanayotambuliwa na serikali ya Marekani ni zaidi ya 570. Baadhi yanalindwa na askari wa idara ya serikali kuu inayoshughulikia mambo ya wenyeji, iitwayo BIA. Mengine mengi yamechukua fedha za serikali hiyo na kuendesha polisi wao wenyewe kwa mkataba, chini ya sheria ya mwaka 1975 ambayo kazini tunaiita kwa namba tu, 638. Na kuna majimbo, California na Wisconsin yakiwemo, ambako sheria namba 280 ya mwaka 1953 iliyapa majimbo yenyewe mamlaka ya jinai kwenye sehemu kubwa ya ardhi hizo. Ndiyo maana nikifungua faili, kabla sijauliza askari amefanya nini, nauliza ni askari wa nani. Bila jibu hilo hujui utaratibu wa nani unatumika, nani ana uwezo wa kumsimamisha kazi, na aliyedhulumiwa akidai fidia atamdai nani.

Milango ya mlalamikaji nayo ni michache. Katiba ya Marekani haizibani serikali za mataifa haya moja kwa moja. Ndiyo sababu Bunge lilitunga sheria maalumu ya haki za raia wao mwaka 1968. Lakini mwaka 1978, katika kesi ya Santa Clara Pueblo dhidi ya Martinez, Mahakama ya Juu ikasema kwamba kwa sheria hiyo mtu anaweza kulishtaki taifa lake mbele ya mahakama ya serikali kuu kwa njia moja tu: kupinga kushikiliwa kwake. Kwa mwanamke aliyetukanwa au kupapaswa ndani ya gari la polisi kisha akaachiwa, uchunguzi wetu wa ndani unaweza kuwa mlango pekee utakaofunguka haraka. Mpelelezi akiuchukulia kama makaratasi ya kujaza, amemfungia.

Makosa mengi ninayoyakuta kwenye mafaili si ya njama, ni ya haraka. Kubwa kuliko yote ni hili: sajini anasikia tuhuma, anamvuta askari pembeni kwenye maegesho na kumwambia, "Nieleze kilichotokea, la sivyo kazi huna." Anaona amefanya jambo la maana. Kumbe ameharibu. Mwaka 1967, katika kesi ya Garrity dhidi ya New Jersey, iliamuliwa kwamba maneno askari aliyoyatoa kwa kutishiwa kufukuzwa hayawezi kutumika kumtia hatiani kwenye kesi ya jinai. Mwajiri anaweza kumlazimisha aseme, ndiyo, lakini maneno hayo yanaishia kwenye nidhamu. Wapelelezi wa jinai wakiyasikia, wakili wa askari atadai kila walichokipata baadaye kimetokana nayo.

Kwa hiyo tuhuma ikinusa jinai, simu yangu ya kwanza ni kwa FBI, wapelelezi wa jinai wa serikali kuu, na ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali kuu. Askari haulizwi neno mpaka wajibu kwa maandishi kama wanaichukua au wanaiacha. Wakati mwingine jibu huchukua miezi, na mtaani watu wanasema tunamficha. Sina la kuwaambia. Wakiiacha, hapo ndipo tunamkalisha askari, tunamsomea onyo, na analazimika kujibu. Akidanganya hapo, uongo wenyewe ni kosa jipya, mara nyingi zito kuliko la mwanzo, kwa sababu askari aliyethibitika mwongo hafai tena kusimama kizimbani kama shahidi.

Halafu kuna undugu. Askari, mlalamikaji, karani wa mahakama na yule wa redio wanaweza kuwa ukoo mmoja. Kwa Wanavajo, mojawapo ya mataifa haya, mtu hujitambulisha kwa koo nne: wa mama, wa baba, wa babu mzaa mama na wa babu mzaa baba. Wenzangu waliotoka polisi ya mijini huliona hilo kama mgongano wa maslahi tu, na kweli kila mpelelezi wangu hutia saini kwamba hana udugu na wahusika. Mimi niliyekulia pahali ambapo bibi hakupi hata maji kabla hajakuuliza "wewe ni wa nani?" naona pia kwamba mtu hatafungua kinywa kwa asiyemjua. Simu haitoshi. Tena mtu akiangalia chini na kukaa kimya kitambo kabla ya kujibu, usiandike "anakwepa". Nimefuta neno hilo kwenye ripoti mara nyingi.

Ardhi nayo si mchezo. Ya Wanavajo peke yake ni takriban kilomita za mraba 70,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi kwa pamoja, na askari wa doria ni wachache mno. Askari yuko peke yake na mtu aliyemkamata, kwa saa nzima, mahali redio inapokatika. Mwaka 2015 kwenye ardhi ya Wacheyenne wa Kaskazini, Montana, mwanamke alipiga simu polisi kwa sababu mama yake anaendesha gari amelewa. Askari wa BIA aliyekuja alimkuta mpigaji simu naye amekunywa, akamtishia kumkamata, akamlazimisha kufanya naye ngono. Askari huyo alifungwa. Swali la kama serikali kuu nayo inawajibika lilifika Mahakama ya Juu ya Montana, na mwaka 2022 mahakama hiyo ikakataa kusema kwamba tendo la namna hiyo ni lazima lihesabiwe kuwa nje ya kazi.

Turudi kwenye zile maili sita. Askari alisema alikwenda kujaza mafuta. Kadi ya mafuta haikuwa na muamala siku ile. Mlalamikaji alikuwa amepigiwa simu mara mbili, kwenye namba isiyoshika mtandao nyumbani kwao, kisha faili likaandikwa kwamba hakutoa ushirikiano. Tulimfuata. Alituhoji yeye kwanza, jikoni kwa shangazi yake, kabla sisi hatujamhoji. Kisha akataja barabara ya vumbi na tangi la maji ya ng'ombe lililo maili tatu kutoka lami. Tatu kwenda, tatu kurudi.

Mwendesha mashtaka aliiacha kesi. Askari alifukuzwa kwa uongo wa mafuta na kwa tendo lenyewe, maana kwenye nidhamu inatosha mizani ikiinama kidogo tu. Nikampelekea mlalamikaji barua mkononi. Iliandikwa kwamba malalamiko yake yamethibitika na hatua zimechukuliwa.

"Hatua gani?" akaniuliza.

Usiri wa watumishi hauniruhusu kusema, nikamwambia hivyo. Shangazi yake akaendelea kumimina kahawa. Akasema mke wa askari ni binamu yake, na kwamba bunduki na beji vilirudishwa kituoni Jumanne.