Mkoko na msinzi: jamaa wawili wa matopeni

Mkoko na msinzi, ambao wengine huuita muia, ni mabinamu. Mimea ya jenasi moja, yaani kundi la spishi zilizo karibu, tungeiita ndugu wa tumbo moja. Hii ina jenasi mbili, Rhizophora na Bruguiera, zinazokutana juu kidogo, kwenye familia ya Rhizophoraceae. Ndiyo maana inafanana tabia kuliko sura.

Tabia yenyewe ni kuzalia mtini. Mbegu haingoji kudondoka. Huchipua tunda likiwa bado linaning'inia, ikalelewa na mti hadi iwe mche mrefu wa kijani, ndipo ianguke topeni au ichukuliwe na maji. Mche wa mkoko wetu, Rhizophora mucronata, hufika nusu mita na zaidi. Wa msinzi ni mfupi, mnene.

Ukiuokota mche pwani ya Chwaka, Unguja, utazame kichwani. Wa msinzi huanguka na kofia yake nyekundu yenye vidole kumi na kitu. Wa mkoko huchomoka ukaliacha tunda mtini, kwa hiyo kichwa ki kitupu, kimebaki na kichipukizi cha ncha tu. Hata jani linatosha: la mkoko lina mwiba mdogo nchani, na ukiligeuza utaona vidoa vyeusi tele. Mizizi ndiyo kila mtu anaijua. Mkoko hushusha matao kutoka shinani, msinzi hutokeza magoti topeni.

Utamu uko kwenye ua. La mkoko ni dogo, sepali nne ngumu, vijani vya nje vya ua, na petali nne nyeupe zenye manyoya, na chavua yake kwa sehemu kubwa huchukuliwa na upepo. La msinzi huota peke yake, limeinamia chini, jekundu. Ndani yake kila petali imejikunja ikabana stameni mbili, vijiti vinavyobeba chavua. Ndege chozi akichomeka mdomo kutafuta nekta, petali hufyatuka na chavua ikamrukia usoni. Akienda ua jingine anakwenda nayo. Ajabu ni kwamba haya hutokea juu ya vichwa vya watu wanaochokoa kaa, na wachache huinua macho.

Mkata boriti naye hajali ua. Kwake yote miwili ni miti migumu iliyonyooka, ila haina urefu usio na mwisho, na vyumba vya nyumba kongwe za Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za dari ziliishia hapo.