Kitabu hakipo Unguja? Leta ombi kwanza, usikimbilie kulipa wala kuiba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Msimu wa tasnifu umeshaingia na malalamiko yameingia nao. Dawati letu la maktaba linapokea meseji kila siku, nyengine za adabu nyengine si za adabu, na zote zinasema kitu kimoja: maktaba za Zanzibar hazina kitu, mtu katafuta makala hakupata, alipoiona mtandaoni akaambiwa alipe dola 30 au 40 kwa kurasa ishirini, bas akaona bora ashushe kwenye tovuti za wizi au ampe hela kijana wa duka la kutoa kopi amtafutie. Naandika kwa sababu ukichukua majina ya wanaolalamika ukayatafuta kwenye fomu tulizopokea, wengi wao hawajawahi kuleta ombi hata moja.

Huduma ipo jamani. Inaitwa uazimishaji baina ya maktaba, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yake ni kutumiana kopi. Maktaba yako haina, inaiomba nyengine, ile inaskani kurasa unazozitaka inatuma, wewe unasoma kwenye simu yako. Huhitaji kumjua mtu Ulaya wala kuwa na kadi ya benki. Unachotakiwa ni kuandika ombi lililokamilika, na hapo ndo tunaposhindana kila siku kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Tuseme kuna mwanafunzi wa kilimo, yuko Pemba, anaandika kuhusu mikarafuu inayokufa ghafla. Anatuletea meseji: "Naomba ule utafiti wa zamani wa wazungu wa ugonjwa wa mikarafuu, ni muhimu sana, nautaka kesho." Mwandishi hakutajwa, mwaka hakuna, jarida hakuna. Mkutubi analizungusha ombi hilo siku nzima na mwisho anaandika "halijakamilika" na mtu anakasirika. Sasa mwanafunzi huyo huyo akirudi kwenye orodha ya rejea ya kitabu alichosomea habari hiyo atakuta imeandikwa Nutman na Sheffield, mwaka 1949, jarida la Annals of Applied Biology, juzuu la 36. Kwa mstari huo mmoja tunajua tumuombe nani. Na mnaona wenyewe jambo lilivo, utafiti ulihusu mikarafuu yetu wenyewe, ukachapwa Uingereza, na leo mtoto wa Wete anauhitaji lazima auombe mbali. Tena makala ya 1949 hata chuo kikubwa kinaweza kuikosa kwenye kompyuta, mana vifurushi vingi vya majarida vinavyolipiwa vinaanzia miaka ya tisini hivi, matoleo ya nyuma wachapishaji wanayauza kando. Inabidi aombwe mwenye nayo.

Kwa hiyo ombi la makala liwe na jina la mwandishi, kichwa cha makala, jina la jarida (lote, usifupishe kwa herufi tatu), mwaka, juzuu, toleo na kurasa. Kama makala ina ile namba inayoanza na 10 kisha nukta, yaani DOI, hiyo peke yake inatutosha. Kama hujui kuandika rejea vizuri piga picha ukurasa wa rejea kwa simu ututumie, zungushia unayoitaka. Ikiwa ni sura ya kitabu, tuambie kitabu gani na sura ya ngapi, usiseme "chote tu". Kila ombi na fomu yake, usitubandikie rejea thelathini kwenye meseji moja ukasema mtakazopata.

Lipo jambo jipya ambalo linatumaliza nguvu kwa kweli. Watu wanaiuliza akili mnemba iwape rejea, inawapa, imepangika vizuri na mwandishi, jarida, juzuu na kurasa, wao wanatuletea kama ilivo. Mkutubi anatafuta, jarida lipo, juzuu lipo, kwenye kurasa hizo kuna makala nyengine kabisa, na hiyo inayotakiwa haijawahi kuandikwa na binadamu yeyote. Maktaba za nje nazo zinalalamikia hilo hilo. Programu hizi zinatunga rejea, tuelewane hapo, na ukiletewa jibu kwamba makala haipo duniani usije kaunta kugomba kwamba umeiona. Uliona kichwa cha habari tu. Kabla hujaomba hakikisha rejea umeitoa kwenye maandishi uliyoyafungua mwenyewe, na uandike umeitoa wapi, ile sehemu ya fomu wengi mnaiacha tupu ndo hiyo.

Ombi likikamilika sisi tunaanza na za bure. Waandishi wengi wameweka kopi halali kwenye hazina za mtandaoni za vyuo vyao na ipo programu ya bure inaitwa Unpaywall inayozitafuta hizo, unaweza kuiweka kwenye laptopu yako leo leo. Baada ya hapo tunaangalia yaliyo ndani ya Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, ambao kwa upande wa afya ulianza 2002 kwa jina la HINARI chini ya Shirika la Afya Duniani, kilimo kikafuata 2003, na Tanzania iko kwenye kundi la nchi zinazopata bure. Wauguzi na madaktari mnaonunua makala kwa fedha zenu, ulizeni taasisi yenu kwanza kama imesajiliwa. Usajili ni wa taasisi, mtu binafsi hasajiliwi, na nywila haitumwi kwenye grupu la WhatsApp. Wachapishaji wanaona nani anashusha na anashusha kiasi gani, mtu mmoja akishusha mamia ya makala kwa usiku mmoja wanaweza kuifungia taasisi nzima na asubuhi daktari mwenye mgonjwa hafungui kitu. Vyuo vya Tanzania vina umoja wao wa maktaba, COTUL, unaonunua majarida kwa pamoja, na huko nako tunaangalia. Kote huko kukishindikana ndo tunaomba nje.

Kuomba nje kumebadilika sana. Zamani kitabu kilisafiri chenyewe, hapa kwetu Afrika Mashariki ilikuwepo East African Literature Bureau, idara ya vitabu ya wakati wa ukoloni, iliyoanzishwa 1948 ikipeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta, na Uingereza mwaka 1962 ilifunguliwa kule Boston Spa, Yorkshire, maktaba nzima ambayo kazi yake ni kuzihudumia maktaba nyengine. Ikaja kuwa sehemu ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, mwaka 1973 na kwa miaka mingi dunia nzima ilikuwa inaomba huko. Oktoba 2023 British Library ikavamiwa na wadukuzi, mifumo ikaanguka na huduma zikasumbuka kwa miezi. Aliyekuwa na mlango huo mmoja tu alikaa kusubiri. Ndo mana mimi ni muumini wa mitandao ya maktaba nyingi ndogo ndogo zinazosaidiana. Mwaka 1997 maktaba ya Colorado State University Marekani iliingia mafuriko, majarida yakaharibika kwa wingi, wakatengeneza mfumo wa kuombana makala na vyuo vyengine haraka haraka, leo unaitwa RapidILL na makala inaweza kufika ndani ya siku moja. Na 2020 wakati wa korona, milango ya maktaba imefungwa, wakutubi kupitia shirikisho la maktaba la dunia, IFLA, walianzisha huduma iliyoitwa RSCVD, maktaba yoyote iliomba, wakutubi wa nchi nyengine wakatafuta na kutuma, bila malipo. Watu hawakujuana kabisa. Hayo ndo matumizi ya teknolojia ninayoyataka mimi, kompyuta ikamkutanisha anayehitaji na aliyenacho, khasa sisi wa visiwani ambao kila karatasi inasubiri boti.

Sasa makala imefika. Maktaba nyingi za nje hutuma linki badala ya faili. Mfumo wa Article Exchange wa OCLC, shirika la kimataifa linalohudumia maktaba, kwa mfano, faili linakaa siku 30 au linafunguliwa mara 5, kimojawapo kikitimia linafutika. Yametokea haya: mwanafunzi kapokea linki saa nne asubuhi, kaitupa kwenye grupu la darasa kwa nia njema, wenzake watano wakaibonyeza kuona ni nini, yeye jioni anarudi nyumbani anafungua faili halipo, anatupigia simu kwamba maktaba imemtumia kitu kibovu. Linki ni yako peke yako. Ukiipokea fungua mara moja, lihifadhi faili kwenye simu na sehemu nyengine, angalia kurasa zote zimo na zinasomeka, kwa sababu kitabu kinene kikiskaniwa maneno ya karibu na mshono yanazama, na ukurasa ukikosekana tuambie ndani ya siku mbili tatu ili aliyetuma arudie. Ukikaa wiki sita ndo unaleta taarifa, hatuna la kufanya, utaanza upya.

Kitabu cha karatasi kina taratibu zake na hapa naomba msome polepole. Kitabu kikitoka Dar es Salaam, tuseme chuo kikuu pale Mlimani, kwa utaratibu wa IFLA maktaba iliyoomba ndiyo yenye dhamana tangu kitabu kinatoka mikononi mwa mwenyewe mpaka kinarudi. Kikirowa kwenye boti ni sisi, kikiliwa na panya nyumbani kwako ni sisi mbele yao, na wewe mbele yetu. Ndo mana tunakuwekea saini, ndo mana vyengine tunakwambia usomee humu ndani. Usipigie mistari, usikunje ukurasa, usimuazime mwenzako hata kama ni ndugu yako. Siku ya kurudisha inahesabiwa na safari, kwa hiyo tarehe tunayokupa ni ya kufika kwetu, tukiletewa baadae tunakuwa tumeshachelewa huko. Ukichelewa unapata ujumbe, kisha barua, kisha akaunti inafungwa kwa maombi yote pamoja na uliyokwishawasilisha, na chuo chako kinaarifiwa, hutosainiwa fomu ya kumaliza chuo mpaka kitabu kirudi. Kikipotea unalipa bei ya kitabu anayoitaja mwenye nacho, pamoja na gharama zake za kukitafuta na kukiandikisha upya, ukituletea kopi ya kutoa dukani haipokelewi. Watu wanatuona wakali. Mwenye kitabu akikataa kutuazima mara ya pili anakuwa amewakataa wasomaji wote, hata yule ambaye hana kosa lolote.

Kuhusu hakimiliki. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na ina ofisi yake, COSOZA, wale wanaotuletea vifungu vya sheria ya Bara kwa kujiamini naomba wapumzike. Kitabu kuisha dukani hakujaondoa haki ya mwenyewe. Sisi hatutoi kitabu kizima kilicho ndani ya hakimiliki, tunatoa makala moja au sura moja kwa msomaji mmoja kwa ajili ya kusoma kwake. Hata Marekani, ambako watu wanadhani kila kitu kiko wazi, maktaba zao tangu 1978 zina mwongozo kwamba maktaba ikiomba kopi zaidi ya tano kwa mwaka mmoja kutoka jarida moja, kwa matoleo ya miaka mitano ya karibuni, basi inalihitaji kiasi cha kulinunua. Na wanaouliza mbona kitabu cha kwenye kompyuta chuo fulani kinacho na hamtuombei, jibu ni kwamba hicho hawakukinunua, wamelipia leseni, na leseni nyingi zinakataza kukitoa nje ya chuo. Hapo mkutubi hana ujanja. Mimi binafsi naona leseni hizo zinatuumiza sisi wa mbali kuliko sheria yenyewe ya hakimiliki, na vyuo vyetu vinaposaini mikataba vidai kifungu cha kutumiana makala kiwemo humo.

Nimalizie upande ambao hausemwi. Sisi pia tunaombwa. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina miswada na vitabu vya Kiarabu vilivyoingizwa na UNESCO kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, na watafiti wanavitaka kutoka pembe zote. Hati za tenzi na za fiqhi bado zimo ndani ya masanduku ya majumba ya watu Unguja na Pemba, na mwenye nazo akiwa na huruma anamuazima mgeni, mgeni anaondoka nazo na hazirudi. Msitoe hati yenyewe ya asili. Mkutubi anaweza kuja na skana nyumbani kwako, au weka mswada juu ya meza karibu na dirisha, usiukandamize ukafunguka mshono, piga picha kwa simu ukurasa mmoja mmoja kwa mpangilio, ukurasa wa mwisho na jalada pia, kisha mgeni apewe picha na mswada ubaki na wenyewe. Mzee aliyeutunza ana haki ya kusema utumike vipi, na hilo tunaliandika kwenye fomu.

Walioko Pemba hamna haja ya kupanda boti kuleta ombi. Picha ya fomu kwa simu inatosha, ila namba ya kitambulisho isomeke na namba ya simu iwe yako, si ya rafiki. Na waliojibiwa "ombi halijakamilika" wajibu kwenye ujumbe ule ule kwa kuongeza kilichokosekana, wasianzishe ombi jipya, mana ombi jipya linakwenda mwisho wa foleni.