Gari kuchemsha na gari kunuka kuungua ni vitu viwili

Juzi tena nimekutana na watu wanaochanganya haya mawili. Jirani kafungua boneti, kuna moshi mwembamba unatoka pembeni ya injini, harufu imejaa uwanja mzima, na kila anayepita anasema lilelile, "gari inachemsha hiyo, iongezee maji". Nikachungulia geji ya joto, mshale uko katikati kabisa. Maji yamejaa, feni inazunguka. Sasa imechemsha nini?

Maana yenyewe haina urefu. Gari kuchemsha ni maji ya rejeta kupata moto kupita kiasi mpaka yanachemka, basi. Utaona mshale umepanda kwenye H, mvuke mweupe, maji yanabubujika kwenye kile kitenki cha akiba. Harufu ya kuungua inatoka kwa kitu kingine, oili, mkanda wa feni, plastiki ya waya, pleti ya klachi, kimeguswa na joto kisiloliweza.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kilishatenganisha haya zamani sana, kabla hata hatujaona gari. Kuchemka na kuchemsha ni kama kuamka na kuamsha, kuwaka na kuwasha: kuna kinachochemka na kuna anayekichemsha. Kwa hiyo ukisema gari inachemsha lazima kuwe na kinachochemshwa, na kwenye gari hicho kitu ni maji, na ndugu yake neno hili ni chemchemi, nayo ni maji yanayobubujika vilevile. Kuungua na kuunguza wao wanafuatana kama kupungua na kupunguza, na kuungua hakuhitaji maji hata tone, tena mara nyingi kunakuja pale maji yameisha. Jikoni hakuna anayekosea. Wali ukishika chini ukatoa harufu mama hasemi wali umechemka, anasema umeungua, anaepua na kupunguza moto. Mtoto wa miaka 6 anajua hiyo tofauti, halafu sisi watu wazima tukifika kwenye boneti tunaisahau.

Naelewa mkanganyiko unatoka wapi. Gari ikichemsha na wewe ukaendelea kuendesha, mwishoni vitu vinaungua kweli, na hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ndo huwa inatangulia. Ila hayo ni matokeo, sio jina la ugonjwa.

Jina likikosewa fundi anatumwa kusiko. Kaka yangu alimwambia fundi gari inachemsha, kwa sababu kila akisimama kwenye foleni anasikia harufu. Fundi naye akafanya kazi ya gari inayochemsha, akaosha rejeta, akatoa thamostati, ile vavu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa (na hiyo tabia ya kutoa thamostati inaumiza injini, haifiki joto lake la kazi la nyuzi 90 hivi na mafuta yanaliwa bure), hela ikaenda, harufu ikabaki palepale. Siku tuliyoangalia wenyewe na tochi tukakuta oili inachuruzika kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, inashuka taratibu mpaka kwenye manifoldi ya ekzosi, yale mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini, na pale inapodondokea pamekuwa peusi, pamekaangika kama chini ya kikaango. Gasketi ikabadilishwa, oili ya zamani ikafutwa vizuri maana ikiachwa itaendelea kunuka siku kadhaa hata kama pamezibwa, ikaisha. Kama unatafuta wewe, anza juu, tafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu wa oili, kwa sababu oili inashuka na kutapakaa na kule chini unakokuona kumelowa siko inakoanzia.

Na hapo napo pana tofauti nyingine watu wanaichanganya. Oili kuungua juu ya ekzosi sio sawa na gari kuunguza oili. Inayounguza oili inaichoma ndani ya silinda, ringi za pistoni zimechoka au sili za vavu, ambazo ndizo zinazozuia oili isiingie humo, moshi wa bluu unatoka nyuma kwenye bomba na oili inapungua bila kudondosha chini. Ya kwanza ni kubadilisha gasketi, ya pili unaweza kufungua injini nzima. Ukisema tu "inaunguza oili" unaweza kutishwa bei isiyo yako.

Anayepita mlima Kitonga mkoani Iringa, pale ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Ilula, anaviona vyote viwili barabara moja. Wanaopanda ndo wanachemsha, mzigo mzito, mwendo mdogo, upepo haupiti rejeta vizuri. Wanaoshuka wanaunguza breki kwa sababu wamekanyaga breki mlima mzima badala ya kuiachia gia ndogo ishike gari. Sasa anayeshuka akisikia harufu akakimbilia kufungua mfuniko wa rejeta, mfuniko unaoshikilia maji ya moto kwa presha mpaka yasichemke hata yakipita nyuzi 100, anajimwagia mvuke usoni kwa tatizo ambalo liko kwenye magurudumu.

Kwa hiyo siku nyingine pua ikikwambia kitu, angalia geji kwanza. Kama mshale umetulia usimwambie fundi gari inachemsha, mwambie kuna kitu kinaungua, kisha mwambie harufu yenyewe ikoje na unaisikia wakati gani: kama ya oili ya kukaangia ukishasimama, kama ya karatasi iliyoungua ukiwa umeshikilia klachi kwenye mlima, kama ya raba, au kama ya plastiki, na hii ya plastiki zima gari hapohapo na uchomoe betri, usisubiri kufika kwa fundi.