Je, anayeanza drafti ndiye hushinda?

Katika vijiwe vya Moshi, ambako drafti huchezwa kwa vizibo vya soda, wapo wanaoamini kuwa anayeanza tayari ana ushindi mkononi. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa anayeanza huonekana kuuongoza mchezo. Hata hivyo, mwaka 2007 ilithibitishwa kwa kompyuta kwamba drafti ya Kiingereza, yenye kete 12 kila upande, huishia sare iwapo hakuna anayekosea. Kingi wa huko, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao, husogea hatua moja tu, tofauti na wetu, hivyo uthibitisho huo hauihusu drafti yetu moja kwa moja. Lakini hapa pia kuanza pekee hakutoshi: kwa kuwa kula ni lazima, wengi huangushwa na kulishwa kete moja kisha wakaliwa tatu. Anayetaka kuhakiki acheze na mpinzani wa kiwango chake, wapokezane kuanza, na waandike matokeo ya michezo mingi, si miwili.