Cassel, Cutler na hesabu ya tegi

Kila Februari inapoelekea ukingoni naulizwa swali lile lile: timu ikishamwekea kwotabeki wake, yule mrusha pasi mkuu, tegi ya kumzuia asiondoke, si imemkamata? Kwa nini basi isimuuze kwa bei inayoitaka? Kazi yangu ni kusoma mikataba ya wachezaji wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na kuipigia hesabu, na swali hili nalipenda kwa sababu jibu lake limo lote katika majuma 5 ya mwaka 2009. Ndani ya majuma hayo makwotabeki wawili waliuzwa. Mmoja alikuwa na tegi, mwenzake hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ndiye aliyekwenda kwa bei ya chini.

Tuanze na tegi yenyewe. Wewe uliyezoea usajili wa Simba na Yanga unajua kwamba mchezaji akimaliza mkataba ni mtu huru, anakwenda anakotaka. NFL nako wapo wachezaji huru, ila tangu 1993 makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji yanairuhusu timu kumzuia mmoja wao. Timu inampa mkataba wa mwaka mmoja, mshahara ukiwa umeshapangwa na kanuni: unakokotolewa kutokana na mishahara 5 mikubwa ya nafasi anayocheza, au unakuwa asilimia 120 ya mshahara wake wa mwaka uliopita, kutegemea upi ni mkubwa. Wakitaka mkataba mrefu, wana hadi katikati ya Julai kuafikiana. Tarehe hiyo ikipita, atacheza kwa mwaka mmoja tu.

Tegi ziko za aina mbili zinazotuhusu. Ya kwanza inamfungia mchezaji mlango kabisa, haruhusiwi kuzungumza na timu nyingine. Ya pili, ambayo ndiyo hutumika sana, inamruhusu kutafuta ofa nje. Akiipata, timu yake ina siku 5 za kuamua kama itatoa masharti yale yale. Ikikataa, anaondoka na timu mpya inalipa nafasi mbili za raundi ya kwanza za drafti. Nafasi za drafti, yaani zamu za kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, ndizo sarafu ya biashara hii. Hakuna ada ya uhamisho kama kwenye soka. Unatoa mchezaji au unatoa zamu yako.

Sasa twende Foxborough, tarehe 7 Septemba 2008, mechi ya kwanza ya msimu. New England Patriots wanacheza na Kansas City Chiefs. Kwotabeki wa Patriots, Tom Brady, anarusha mpira, na Bernard Pollard wa Chiefs, aliyekuwa ameshaangushwa chini, anajirusha mbele na kugonga goti la kushoto la Brady. Msimu wake unakwisha hapo hapo. Anaingia Matt Cassel, kijana aliyechaguliwa raundi ya 7 mwaka 2005, ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja kama kwotabeki tangu alipomaliza shule ya sekondari. Chuoni USC alikaa benchi nyuma ya Carson Palmer, kisha nyuma ya Matt Leinart. Siku ile, akiwa amebanwa hadi karibu na mstari wake wa goli, akamrushia Randy Moss pasi ya yadi 51. Nimeirudia video ya pasi ile mara nyingi, na bado nashangaa mtu aliyekaa benchi miaka yote hiyo alipata wapi utulivu ule.

Patriots walimaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 11 na kupoteza 5. Mkataba wa Cassel ukaisha. Brady alikuwa bado anauguza goti, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba Septemba atakuwa mzima. Mwanzoni mwa Februari 2009 Patriots wakamwekea Cassel tegi ya dola milioni 14.65.

Kabla ya hapo alikuwa analipwa kama mchezaji wa akiba. Sasa yeye peke yake alikuwa anakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kikomo cha mishahara cha timu nzima, na Brady naye yumo kwenye daftari hilo hilo kwa mshahara wa kiwango chake. NFL haina mchezo na kikomo hicho. Hesabu lazima itoshee. Na mshahara wa tegi unaingia kwenye hesabu tangu siku inapowekwa, hausubiri msimu uanze. Kwa hiyo timu iliyotaka kusajili wachezaji wengine mwezi Machi ilikuwa imejifunga kamba kiunoni, na timu zote 31 zilizobaki zinaiona kamba hiyo.

Cassel alifanya jambo moja ambalo wasomaji wengi hulisahau: alitia saini haraka. Mchezaji mwenye tegi ambaye hajatia saini hawezi kuuzwa, maana hakuna mkataba wa kuhamisha. Kwa saini ile alijihakikishia fedha zake, na pia alifungua mlango wa kuuzwa. Tarehe 28 Februari akauzwa. Aliyemnunua? Kansas City Chiefs, timu ile ile iliyomvunja Brady goti, ambayo sasa ilikuwa chini ya Scott Pioli, aliyetoka kwenye uongozi wa Patriots wiki chache tu nyuma. Chiefs walimpata Cassel pamoja na Mike Vrabel, mlinzi mkongwe aliyetwaa ubingwa mara 3 na Patriots. Walitoa zamu moja tu: ya 34, raundi ya pili.

Watu walipiga kelele kwamba Patriots wametupa mali. Mimi sikubaliani nao. Angalia Chiefs walinunua nini hasa. Walinunua mwaka mmoja wa mtu anayelipwa dola milioni 14.65, ambaye mwakani angeweza kuondoka au kuwekewa tegi nyingine ya bei kubwa zaidi. Ili wamiliki miaka mingine, iliwabidi waketi naye mezani upya, na Julai wakampa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 62.7. Walilipa mara mbili: zamu kwa Patriots, na fedha kwa Cassel. Mnunuzi anayejua kwamba malipo ya pili yanamngoja lazima abane yale ya kwanza.

Wakati huo huo, kocha mpya wa Denver Broncos, Josh McDaniels, aliyekuwa ametoka Patriots yeye pia, aliulizia kuhusu Cassel. Kwotabeki wake mwenyewe, Jay Cutler, akapata habari, akaumia moyoni, mambo yakaharibika kiasi cha kutopatana tena. Tarehe 2 Aprili Cutler akauzwa kwa Chicago Bears. Bears walitoa zamu ya raundi ya kwanza ya 2009, ya raundi ya kwanza ya 2010, zamu ya raundi ya tatu, na kwotabeki Kyle Orton juu yake, wakarudishiwa zamu ya raundi ya tano.

Ni kweli kwamba Cutler, akiwa na miaka 25, alionekana kuwa na kipaji kikubwa zaidi, na sitaki kulipuuza hilo. Lakini Denver nao walikuwa wanauza wakiwa wamebanwa, kwa mchezaji aliyekuwa ameshasema hadharani kwamba hataki kubaki. Kilichowaokoa ni karatasi: Cutler alikuwa na miaka 3 iliyobaki kwenye mkataba wake wa kwanza wa ligi, kwa mshahara ambao haukufika karibu na wa tegi. Bears walinunua miaka. Chiefs walinunua miezi.

Kuna jambo lingine linaloibana timu. Makubaliano yanasema timu inayoweka tegi lazima iwe na nia ya dhati ya kumtumia mchezaji kwa mshahara ule msimu unaofuata. Patriots walikuwa na sababu ya kweli, goti la Brady. Philadelphia Eagles mwaka 2019 hawakuwa nayo: walikuwa na kwotabeki Carson Wentz, na kwotabeki mwenzake Nick Foles, aliyewapa ubingwa mwaka mmoja kabla, alikuwa anaondoka. Wengi walidhani wangemwekea tegi ili wamuuze. Hawakufanya hivyo. Foles akaenda Jacksonville akiwa huru kwa dola milioni 88 za miaka 4.

Kwa upande wa mchezaji, mfano ninaourudia ni kwotabeki Kirk Cousins. Washington walimwekea tegi 2016 kwa dola milioni 19.95, wakamwekea tena 2017 kwa milioni 23.94. Chukua kikokotoo uzidishe ya kwanza kwa 1.2, utaiona ya pili. Ya tatu ingekuwa asilimia 144 ya ile ya pili, yaani zaidi ya milioni 34. Hapo Washington walishindwa. Walimchukua kwotabeki Alex Smith kutoka Chiefs, na Cousins akaenda Minnesota 2018 kwa dola milioni 84 za miaka 3, zote zimedhaminiwa hadi senti ya mwisho. Mara mbili alikubali kucheza bila mkataba mrefu huku akijua anaweza kuumia, na ninamheshimu kwa hilo.

Na kama bado unadhani zamu mbili za raundi ya kwanza ni bei ambayo soko litalipa, mtazame kwotabeki Lamar Jackson, mchezaji bora wa ligi wa 2019. Machi 2023 Baltimore Ravens walimwekea ile tegi ya mlango wazi, dola milioni 32.4. Yeye mwenyewe akatangaza kwamba ameomba auzwe. Timu yoyote ingeweza kumpelekea ofa. Haikutokea hata moja, kwa sababu kila aliyepiga hesabu aliona kwamba atawafanyia Ravens kazi ya kupanga bei, kisha wao watatoa masharti hayo hayo ndani ya siku 5 na kubaki naye. Tarehe 27 Aprili, saa chache kabla drafti haijaanza, Jackson alikubali kubaki Baltimore kwa miaka 5, dola milioni 260.