Mbunge wa Jimbo Kutoka Vijijini Nebraska: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukisikia mtu ni seneta huko Marekani, mawazo yanakimbilia Washington: walinzi, msafara wa magari, mshahara mnono. Nebraska, jimbo la wakulima na wafugaji katikati ya Marekani, ina maseneta 49 ambao kazi yao haiwapeleki Washington. Ni wajumbe wa Bunge la jimbo hilo, linalokaa mjini Lincoln, ambalo tangu 1937 ni bunge la jimbo pekee nchini Marekani lenye chumba kimoja, yaani halina baraza la juu na la chini. Vita na uhamiaji si mambo yao. Shule ya kijijini, barabara ya kwenda hospitali, maji ya kumwagilia na kodi ya ardhi ndiyo mambo yao, na kwa mkulima hayo ndiyo serikali yenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba mwenye eneo kubwa ana nguvu kubwa. Kaunti ya Cherry, katika nyanda za nyasi za Sandhills, ina ukubwa unaolishinda jimbo zima la Connecticut, lakini wakazi wake ni kama 5,500 tu. Kila seneta wa Nebraska anawakilisha watu wapatao 40,000, kwa hiyo wa huko anaunganishiwa kaunti nyingi nyingine ili idadi itimie. Msingi wake ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1964 katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, iliyotoka Alabama. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge huwakilisha watu, si miti wala ekari. Kaunti tatu za Douglas, Lancaster na Sarpy, zilizobeba Omaha, Lincoln na vitongoji vyake, zina zaidi ya nusu ya watu wa jimbo, na viti vinafuata watu. Mipaka ilipochorwa upya mwaka 2021, wilaya moja ya uchaguzi ya vijijini ilihamishiwa Sarpy.

Lakini dhana iliyokita mizizi zaidi ni ya fedha: kwamba siasa ni ulaji, na aliyeingia bungeni ameula. Seneta wa Nebraska hulipwa dola 12,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kimeandikwa kwenye katiba ya jimbo tangu wapiga kura walipokipandisha kutoka dola 4,800 mwaka 1988. Mwaka 2012 waliombwa kukifikisha dola 22,500, wakakataa. Zipo posho za siku za vikao na fedha za mafuta ya gari, lakini hakuna anayelisha familia Marekani kwa dola 1,000 kwa mwezi.

Kwa mfugaji, tatizo si mshahara peke yake, ni kalenda. Bunge huanza Januari. Mwaka wa shufwa vikao ni siku 60, mwaka wa witiri siku 90. Februari hadi Aprili ndipo ng'ombe wanazaa. Mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza huangaliwa usiku kucha kila baada ya saa chache, kwa sababu ndama aliyezaliwa akiwa amelowa kwenye baridi ya Sandhills anaweza kufa kabla hakujapambazuka. Mwenye ranchi aliye kwenye kiti chake Lincoln, karibu kilomita 480 kutoka Valentine, mji wa Kaunti ya Cherry, amemwachia mwenzi wake, mwanawe au kibarua kazi hiyo. Wengi husema mshahara mdogo unaleta watu wenye moyo wa kujitolea. Mimi naona unawazuia wengi wenye moyo huohuo: mwalimu kijana, muuguzi, mkulima mwenye deni benki. Wanaobaki mara nyingi ni wastaafu, wenye mali, na waliobahatika kuwa na wa kuwashikia shamba.

Msomaji wa Kenya au Tanzania, aliyezoea NG-CDF au Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za miradi ya jimbo la mbunge, huuliza: basi huyo mbunge amejenga nini? Seneta wa Nebraska hana mfuko wa kugawa. Alicho nacho ni kura moja kati ya 49. Muswada unahitaji 25 ili upite, na wapinzani wakiamua kurefusha mjadala mpaka ufe, zinahitajika 33 kuwanyamazisha. Wa vijijini hawafiki huko bila watu wa Omaha, kwa hiyo kazi kubwa ni kueleza. Chukua fedha za shule. Kwa miaka mingi ruzuku ya jimbo ilipimwa kwa utajiri wa mahali, na thamani ya ardhi inahesabiwa. Mfugaji akaonekana tajiri kwenye makaratasi ilhali mfukoni hana kitu, shule yake ikakosa ruzuku ya msingi, mzigo ukarudi kwenye kodi ya ardhi yake. Ilichukua hadi 2023 kupitisha dola 1,500 kwa kila mwanafunzi, popote alipo.

Kila muswada lazima usikilizwe hadharani, na mwananchi yeyote anaweza kusema. Ni jambo zuri mno, ila vikao hivyo huanza saa saba na nusu mchana huko Lincoln. Anayetoka Scottsbluff, yapata kilomita 640, anaendesha gari tangu alfajiri ili aongee dakika chache. Ndiyo maana seneta wake huenda na barua za watu waliobaki nyumbani.

La mwisho linalosemwa ni kwamba Bunge hili ni ngazi ya kupandia juu. Deb Fischer, mfugaji wa karibu na Valentine, alianzia kwenye bodi ya shule, akaingia Bunge la jimbo mwaka 2005, na mwaka 2011 akasimamia sheria iliyotenga robo senti ya kodi ya mauzo katika kila dola kwa ajili ya barabara. Tangu 2013 yuko Seneti ya Marekani. Walio wengi hawafiki huko. Sheria ya ukomo iliyopigiwa kura mwaka 2000 iliweka vipindi viwili mfululizo vya miaka minne minne, na anayetaka kurudi akae nje miaka minne kwanza.